Kanga Aliyetumwa na Chui

Chui wa ng'ambo ya mto waliitawala nchi ya Nyumbu mpaka Nyumbu wakachoka, wakaingia msituni kupigania uhuru. Kanga, jirani yao wa siku nyingi, alibaki akifagia pango la mkuu wa Chui. Chui walipanga vita mbele yake bila kujificha, wakisema, "Huyu hana akili."

Siku moja mkuu akamwita. "Nenda kwa Nyumbu, uniletee siri zao."

Kanga akaenda, akawaeleza Nyumbu siri zote za Chui. Aliporudi alisema, "Bwana, wamejificha bondeni. Wamechoka, hawana hata mlinzi."

Mkuu akamwekea kucha shingoni. "Ukinidanganya nitakutafuna."

"Mimi kanga tu, bwana. Uongo nitautoa wapi?" akajibu.

Chui wakashuka bondeni kwa pupa, wasimkute mtu. Nyumbu wakateremka kutoka vilimani, wakaziba njia zote. Chui wakaishiwa maji, wakasalimu amri. Mkuu wao alipokwenda kuomba njia ya kurudi kwao, alimkuta Kanga amesimama kando ya kiongozi wa Nyumbu.

"Kumbe nawe ni mwenzao?"

"Tangu mwanzo, bwana."

Chui wakavuka mto, wasirudi tena. Nyumbu waliporejea makwao wakiwa huru, walijipanga pande mbili za njia, wakamwacha Kanga atangulie.