Hodi Bila Miadi

Umesikia hodi zangu, jirani, ukafunga pazia. Usijifanye ulikuwa unaoga.

Bi Zaituni ameanguka jikoni kwake. Nilipopiga hodi aliitika kutoka sakafuni: "Karibu, Mwanakombo, nyonga imevunjika!" Mfumo wa zamani wa milango ungesikia karibu ya mwenye nyumba ukafungua. Huu mpya unataka miadi. "Mgeni hajaandikishwa," unaniambia kwa upole. "Tafadhali weka miadi."

"Nani anaweka miadi ya kuvunjika nyonga, mwanaharamu we?"

Nilisema mapema turudishe ule wa zamani. Sijasahau mlivyonicheka mkutanoni: "Shangazi, acha ushamba, tutazoea tu." Kisha mkapitisha sheria kwamba atakayeurudisha atahamishwa jengoni, na makofi mkapiga. Haya, mmezoea. Mmezoea mpaka hodi ya jirani mnaisikia kama kelele za bomba.

Bi Zaituni bado anasema karibu, ila sasa ananong'ona.

Nondo ninayo, nimeshaipenyeza kwenye fremu, lakini nguvu zangu peke yangu hazitoshi. Weka simu chini. Njoo hapa koridoni sasa hivi, tuung'oe huu mlango.