Kiraka Chini ya Kitanda

Nyufa mbili za ardhi zilikuwa zinatafutana, na chumba cha mama kilikuwa katikati. Kila tetemeko dogo lilizisogeza. Zikiungana, kubwa litapita hapo.

Kaka alinicheka. "Fundi mzima unaogopa ufa? Si uuzibe!"

"Ufa wa ukuta unazibwa, kaka. Huu ni wa ardhi."

Asubuhi, kiraka cha saruji nilichobandika sakafuni, chini ya kitanda cha mama, kilikuwa kimepasuka. Nilipitisha kidole, ukucha ukazama.

Nikimhamisha tu, atarudi. Nikamtoa na godoro lake, nikashika nyundo.

"Chumba alichonijengea marehemu baba yako!"

Nilivunja mpaka msingi. Kiliondoka chumba, ukaondoka mlango aliouchonga baba, ikaondoka na sauti ya mama. Kila asubuhi namwamkia. Haitikii.