Mizunguko Minne

Fundi Hezron alilizungusha tairi la nyuma la pikipiki kwa mkono. Halikumaliza hata nusu mzunguko, likasimama.

"Breki inashika," alisema. Akasogeza kiganja karibu na habu, kitovu cha tairi, akakirudisha upesi. "Hapa unachoma mahindi, kaka."

Ambwene, aliyekuwa akiiendesha, alitazama chini. Mjomba wake Raphaeli, mwenye pikipiki, alitazama saa. Nyuma yao alisimama Tupokigwe, mke wa Ambwene, na mtoto mgongoni. Alikuwa amemletea mumewe chakula hapo kwa fundi, na sasa alishindwa kuondoka. Alijua Hezron angekuta nini.

Siku sita mfululizo, kabla mumewe hajatoka ndani, Tupokigwe alikuwa akiinama nyuma ya pikipiki na kuikaza nati ya breki. Mizunguko miwili tu, kwa vidole. Alitaka pikipiki iwe nzito, ishindwe vilima vya Isongole, mjomba achoke nayo na kumtafuta mtu mwingine wa kuvusha madumu ya petroli upande wa Malawi. Kumwomba Ambwene aache alishaomba. Jibu lilikuwa moja siku zote: "Mjomba ndiye aliyenilea. Namkatalia vipi?"

Ila pikipiki haikuwa nzito. Kila asubuhi aliikuta nati imelegea, akadhani ni mtikisiko wa njia, akaikaza tena. Leo ndiyo siku ya kwanza ilipogoma, kilima cha kwanza tu, ikitoa harufu ya kuungua.

Hezron alibonyeza pedeli ya breki. Ilikuwa ngumu, haichezi hata kidogo. Akaishika nati, akaifungua taratibu huku akihesabu.

"Mmoja. Miwili. Mitatu. Minne."

Akalisukuma tairi kwa kidole. Likazunguka, likaendelea kuzunguka.

"Nani amekaza hivi?"

Tupokigwe alijua yeye alizungusha miwili tu. Labda kwa haraka ya asubuhi vidole vilizidisha.

"Kulegeza peke yake hakutoshi," fundi aliendelea. "Breki shuu zitakuwa zimeungua humo ndani. Ikipoa nafungua, nasafisha, naweka mpya. Mpaka kesho." Kisha akamgeukia Ambwene. "Nasikia ulikuwa unakwenda kupakia petroli. Juu ya chuma cha moto namna hii? Dumu livuje kidogo tu, leo tungekuwa tunakuzungumzia kwa jina la marehemu."

Tupokigwe aliegemea nguzo ya kibanda. Alikuwa amekaza nati ili mumewe asiungue.

Mjomba Raphaeli alisogea pembeni na simu. Hakuuliza mtu yeyote ushauri. "Shadrack," alisema, "njoo na pikipiki yako. Mzigo wa leo ni wako."

Shadrack alikuwa jirani yao, nyumba ya tatu. Alifika akipiga mluzi, akafunga kwa mpira madumu manne matupu ya kwenda kujaza, akampungia Tupokigwe mkono kama mtu aliyebahatika.

Habari zilirudi kabla ya jua kuzama. Pikipiki iliteleza kwenye mteremko wa mtoni, dumu lililojaa likapasukia kwenye injini. Shadrack hakufa. Mikono yake yote miwili iliungua mpaka viwikoni.

Wiki tatu Tupokigwe alipeleka uji hospitalini Itumba. Alimnywesha mgonjwa kwa kijiko ili mkewe apate kulala kidogo. Ambwene naye hakutulia. Aliwapalilia Shadrack na mkewe shamba lao, akawaezekea jiko, akakonda. Akiitwa kula alisema ameshiba. Tupokigwe aliona amepata mume mwenye huruma kuliko alivyostahili, na hilo likamuumiza zaidi ya yote.

Siku moja Shadrack alimeza kijiko cha mwisho, akamtazama.

"Shemeji, Mungu anampenda Ambwene," alisema. Hakukuwa na uchungu katika sauti yake. "Alimharibia breki makusudi."

Bakuli lilimponyoka Tupokigwe, uji uliobaki ukamwagika kwenye shuka. Akaufuta, akaomba radhi, akaufuta tena hata palipokuwa pakavu.

Wakati wa kurudi nyumbani na Ambwene kwa pikipiki, wakiwa juu ya mlima, alimgusa mumewe bega ili asimame. Akashuka. Aliogopa kwamba akisubiri hatua moja zaidi hatasema.

"Baba Tumaini, breki zile ni mimi. Nilikuwa nakaza nati kila asubuhi, usiende na petroli. Nimemuunguza Shadrack. Na wewe ningekuunguza."

Ambwene alizima injini. Tupokigwe alingoja hasira, hakuiona. Mumewe alikaa juu ya kiti akitazama bonde, mikono bado kwenye usukani.

"Najua," alisema. "Nilikuona dirishani tangu siku ya kwanza. Kila siku nikifika kisimani nilikuwa nasimama, nailegeza."

"Sasa siku ile?"

"Siku ile niliiacha. Nikaongeza mizunguko miwili yangu, nipate sababu ya kutokwenda." Akajifuta uso kwa kiganja. "Na mjomba nilikuwa nimeshamwambia, breki zikisumbua, ampigie Shadrack."