Blanketi la Kanada

Letisia alisukuma kisanduku cha chuma chini ya kitanda, akakifunika kwa gunia tupu la ngano. Kisha akakunja blanketi, akampelekea mama mkwe wake kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

"Ndilo hili Hermani alilokuja nalo kutoka Kanada?" akauliza Bibi Tekla.

"Ndilo, mama. Unachomeka tu ukutani, linapata joto lenyewe."

Uongo mtupu. Mumewe Hermani, fundi wa mashine za kuvunia katika shamba la ngano la serikali, aliyepelekwa Kanada kwa mafunzo, alikuwa amemweleza mara ngapi sijui: umeme wa kule ni volti mia na ishirini, wa hapa mia mbili na arobaini. Plagi yake ya meno mawili bapa aliikata, akafunga ya hapa. Lakini bila kile kisanduku cha kupunguza umeme, blanketi lingewaka moto.

Kesho Bibi Tekla alikuwa anarudi kwao Maretadu na Severine, mtoto wa Letisia. Mjukuu wa kwanza akiachishwa ziwa hulelewa na bibi yake. Ndivyo ukoo wao ulivyozoea, na Hermani alikubali bila hata kumtazama mkewe. Letisia alilia, akapiga magoti. "Utazaa mwingine," bibi akamjibu, akaendelea kunywa chai. Tangu hapo Letisia alimchukia mpaka chakula hakikumshuka.

Bibi alizoea kujilaza baada ya chakula cha mchana. Letisia akamwacha mtoto kwa jirani, Scolastica, akabeba ndoo kwenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu, naye akawapisha wote.

"Leo una roho nzuri kweli," wenzake wakamtania. Akacheka nao.

Aliporudi aliona moshi ukitoka dirishani kwa bibi. Hakukimbia. Aliiweka ndoo vizuri kichwani, akawaza atakavyolia mbele ya watu.

Akazunguka kona ya nyumba. Bibi Tekla alikuwa ameketi juani, ameipa nyumba mgongo, anapukuchua mahindi.

"Usipige kelele, mama Severine," alinong'ona. "Nilimfuata mtoto kwa jirani, nikamkuta anatetemeka. Baridi ya kwetu hataiweza huyu, abaki na wewe tu. Nimemlaza chumbani kwangu, nimemfunika lile blanketi, na mlango nimeufunga joto lisitoke."