Wingu la Saa Saba

"Usitikisike, mama watoto. Tungoje hilo wingu lipite," mume wangu alisema, kamera ikiwa usoni.

Nikatazama juu. Hapakuwa na wingu. Jua la utosi lilikuwa linawaka uani kwetu mpaka bati la jirani halitazamiki, na kivuli changu kimejikunja miguuni, cheusi tii.

Yeye ni mchoraji. Hunipiga picha kwanza, kisha huchora akiifuata. Jua likiwa kali namna hii hunifokea nisogee penye kivuli, maana linaharibu sura.

"Acha utani, bwana. Naungua!"

Hakucheka. Aliishusha kamera, akafuta kioo chake cha mbele kwa pindo la shati, kama alivyokuwa akifanya wiki hizi zote, nami nikidhani ni vumbi. Akapiga jicho. Akafuta tena. Kisha akaiacha kamera ining'inie shingoni, akaanza kujifuta macho.

Nikazikumbuka picha alizochora karibuni, kule sebuleni, zote kiza kitupu. Nilikuwa namcheka mbele ya wageni kwamba amekuwa bahili wa rangi nyeupe.

"Bado lipo?" aliuliza taratibu. Uso wake ulielekea kwangu, lakini macho yalikuwa yanatazama pembeni kidogo ya bega langu.

Jasho lilinitiririka mpaka mdomoni.

"Lipo, baba watoto," nikasema. "Tena zito kweli. Tungoje."