Fuko Aliyeomba Kazi

Vita vilipokwisha, wanyama walirudi bondeni wakaanzisha ushirika wa kulima mtama. Ngiri, mwenye moyo mzuri lakini mwepesi wa kuhukumu, alichaguliwa mwenyekiti.

Fuko alipokuja kujiandikisha, Ngiri alimwonea huruma. "Ndugu yangu, huoni. Kaa upumzike, tukivuna tutakuletea chakula."

"Sikuomba chakula, mwenyekiti. Niliomba kazi," alisema Fuko, akaenda kupanda viazi vyake pembeni.

Mtama ulipokaribia kuiva, nzige walishuka wakala hata majani. Wanyama walianza kufunga mizigo wakimbie tena. Ngiri alikuwa amesimama shambani, hajui awaambie nini, Fuko alipochomoza ardhini akisukuma kiazi.

"Huku chini nzige hawakufika. Viko vya kututosha sote. Waambie wasiondoke."

Ngiri aliinamisha kichwa. "Nami nilikunyima kazi."

"Basi nipe leo, niwafundishe kupanda."

Kesho yake Fuko aliongoza ushirika mzima shambani. Ngiri, aliyezoea kuamuru, alifuata nyuma akibeba mbegu.

"Mwenyekiti," Fuko alimwambia kwa upole, "sogeza mguu kidogo. Umekanyaga tuta."

Ngiri akausogeza.