Kifua cha Mpira

Vidole viwili vya Lornah vilikuwa juu ya kifua cha mtoto wa mpira, na alikataa kuviondoa.

"Inatosha, Sista. Umepita," mkufunzi alimwambia. "Mwachie mwenzako sasa."

"Bado hajapumua, Madam."

Mtu alicheka nyuma. Mwaka huo wa 1991, wauguzi kumi na mmoja kutoka zahanati za kando ya ziwa walikuwa wameitwa Kisumu kujifunza kuokoa watoto wachanga kwa mwanasesere huyo. Kifua chake kililia tik kila kilipobonyezwa mahali panapofaa. Lornah hakukosea hata mara moja. Jasho lake lilipodondokea uso wa mwanasesere, alilipangusa kwa upindo wa aproni, mkono mwingine ukiendelea kubonyeza.

Mkufunzi aliweka kalamu chini. "Ilikuwa lini?"

"Jumanne iliyopita, mtoto alinifia mikononi. Nilikuwa zamu peke yangu. Mama yake aliniuliza kama nimefanya kila kitu, nikamwambia ndiyo." Alibonyeza tena. "Kumbe nilikuwa nabonyeza chini sana, karibu na tumbo. Nimejua leo."

"Nani alikuwa amekufundisha?"

"Hakuna, Madam."

Mkufunzi aliwaambia wengine wafunge madaftari yao. Alivuta kiti, akaketi kando ya Lornah.

"Hata mimi nilikuwa na wangu aliyenifia zamu," alisema, na sauti yake haikuwa tena ya darasani. "Alikuwa wa kike."